Ihefu imekuwa hifadhi tangu 2008, mbona Ruaha Mkuu bado unakauka?

#1 Kalulu

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye ule uzi wa mgao wa umeme kuna mdau kaandika kwamba mto Ruaha Mkuu ulikaushwa na ng'ombe wa kinamasi cha Ihefu, na tangu watolewe tatizo limeisha, kilichobaki ni tabianchi tu. Kule sikujibu, maana watu walishaanza kutukanana wazazi. Nafungua huu tuongee taratibu.

Mimi ni wa bonde la Usangu, Mbeya. Baba alilima mpunga, mjomba alivua kambare Ihefu enzi zile mtu anaingia na mtumbwi wake bila kuulizwa. Na kuna mwaka nilipata kibarua cha kuwabebea vifaa watu waliokuja kupima maji. Huko ndiko nilikopaona Ng'iriama.

Kwa wasiopajua: mito inashuka kutoka safu za Uporoto na Kipengere, yaani Mbarali, Kimani, Chimala na Ruaha Mkuu wenyewe, halafu Ndembera unaingilia upande wa Iringa. Huko milimani mvua inavuka milimita 1,000 kwa mwaka, bondeni ni 600 au 700 hivi. Maji yakishafika bondeni yanakuta ardhi imelala kama sinia, yanatawanyika, yanapoteza njia, na mashariki kabisa yanatuama. Hapo panapotuama ndipo Ihefu: matete, mafunjo, mpunga-pori, viboko. Pembeni yake ni mbuga. Nikisema mbuga simaanishi "mbuga za wanyama" za kwenye televisheni. Namaanisha ule udongo mweusi unaokunyonya kiatu mwezi wa pili, na mwezi wa tisa unapasuka nyufa za kumvunja ndama mguu. Miti haistawi pale. Nusu ya mwaka mizizi inazama, nusu nyingine ardhi ikinywea inaikata. Majani ndiyo yanayoweza maisha hayo.

Sasa mlango wa kutokea maji ni mmoja tu, Ng'iriama. Usitegemee kuona maporomoko. Ni mwamba umekatisha mto kama kizingiti cha mlango. Juu yake maji yamelala mapana, hayana haraka. Chini yake ndipo Ruaha Mkuu unapoanza safari ya hifadhini, kisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, mpaka Rufiji.

Tulipiga kambi pale mwishoni mwa kiangazi. Siku ya kwanza maji yalivuka mwamba kwa unene wa kidole. Siku ya tatu yalikuwa yanapita kwenye ufa mmoja, upana wa kiganja. Nikachuchumaa nikaweka mkono, yakasimama. Mto mzima, tena unaitwa Mkuu, nimeuziba kwa mkono wa kushoto huku wa kulia nimeshika chapati. Kesho yake asubuhi kwenye ule ufa kulikuwa na nyuki tu wanagombea unyevu.

Hii hali ya mto kukatika kila kiangazi ilianza 1993. Pori la Akiba Usangu likatangazwa 1998. Mwaka 2001 waziri mkuu wa wakati ule, Frederick Sumaye, aliahidi kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu utatiririka mwaka mzima. Wafugaji wakaondolewa 2006 na 2007. Mwaka 2008 Ihefu ikaunganishwa na Hifadhi ya Taifa Ruaha, hifadhi ikavuka kilomita za mraba 20,000 na kuwa kubwa kuliko zote nchini, hadi Hifadhi ya Nyerere ilipokuja kuipita mwaka 2019.

2010 ilifika ikapita. Mto unakatika bado.

Swali langu ni hilo moja. Ng'ombe hawapo, wavuvi hawapo, mlinzi yupo na bunduki. Maji yako wapi?

---

#2 Mdau Kimya

Naweka kiti hapa.

---

#3 Ng'ombe Mia

Kalulu, umenigusa pabaya.

Nilikuwa na miaka 11 operesheni ilipokuja. Sitaki kutaja nani alifanya nini, waliokuwepo wanajua. Tuliambiwa tunaenda Lindi. Ukiwa mtoto wa Kisukuma uliyezaliwa Usangu, Lindi unaisikia redioni tu. Ng'ombe wengine walipakiwa kwenye malori, wengine wakaswagwa kwa miguu. Kulikuwa na fahali mmoja mwekundu, Baba alikuwa anamwita Mzee. Aligoma kupanda lori. Wakamsukuma, wakamkunja mkia, wakamwagia maji masikioni, hataki. Mwisho Baba akaenda mbele yake, akapanda yeye mwenyewe kwenye lori akakaa chini. Fahali akapanda.

Lindi hatukufika. Tuliishia bonde la Kilombero. Nako 2012 ikaja operesheni nyingine, tukaambiwa tunaharibu ardhioevu ya kimataifa. Baba akauliza hiyo ya kimataifa maana yake nini, hakuna aliyemjibu.

Kwa hiyo nikisikia mto bado unakauka sijui nicheke au nilie.

---

#4 Dereva wa Porini

Ng'ombe Mia, pole sana ndugu yangu.

Kwa faida ya Baba yako: Kilombero iliorodheshwa mwaka 2002 chini ya ule mkataba wa ardhioevu uliosainiwa mji wa Ramsar, Iran, mwaka 1971. Tanzania tunayo maeneo manne: Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Kilombero, na Rufiji-Mafia-Kilwa. Cha ajabu Usangu haimo. Na huo mkataba hausemi watu watolewe, unazungumzia matumizi ya busara. Kutoa watu ni uamuzi wa nyumbani.

Ila sasa naomba nisimame upande wa pili, msinirushie mawe. Mimi nimeendesha magari ya wageni Ruaha miaka mingi. Njooni Oktoba muone mto uliokatika unafananaje.

Mchanga mtupu kilomita na kilomita. Halafu unakuta dimbwi limebaki, ukubwa wa uwanja wa netiboli, viboko wamejaa humo mpaka huwezi kuhesabu migongo. Hayo siyo maji tena, ni uji wa kinyesi. Kambare wanapanda juu kuvuta hewa, marabu wamekaa ukingoni kama wajumbe wa kamati wakisubiri. Kiboko dhaifu anasukumwa nje, jua linampasua ngozi, usiku analiwa. Tembo wao wana akili, wanachimba mchanga kwa mguu na mkonga mpaka wanapata maji safi yaliyojichuja, akiondoka yeye wanakuja nyani, kanga, swala. Lakini kuro hawezi kukaa mbali na maji, na nyati lazima anywe kila siku. Hao ndio wanaoumia kwanza.

Mto ndio Ruaha. Hata jina la hifadhi limetoka kwenye mto, na hifadhi yenyewe ipo tangu 1964. Kwa hiyo aliyesema Ihefu ilindwe hakuwa mjinga. Na Ihefu ya leo ina majani, ina topi, ndege wamejaa. Ng'ombe wale walikuwa wengi mno, tukubali.

---

#5 Kalulu

Dereva, sijasema Ihefu isilindwe. Nimesema imelindwa halafu maji hayakurudi, maana yake tulilinda kitu sahihi kwa sababu isiyo sahihi.

Ngoja nieleze nilivyoelezwa na wale wapimaji, kwa lugha ya jikoni. Chukua beseni pana, ukingo wake una pengo dogo upande mmoja. Weka juani. Mimina maji polepole. Kama unachomimina ni kidogo kuliko kinachoanikwa na jua, beseni halitafurika kamwe, hata umimine mwezi mzima. Pengo litabaki kavu.

Ihefu ndiyo beseni, Ng'iriama ndiyo pengo. Tuseme kiangazi kinamasi kimebaki na kilomita za mraba 100, na jua pamoja na matete vinanyonya milimita 5 kwa siku, ambayo ni hesabu ya upole kwa jua la Usangu. Kilomita moja ya mraba ni lita milioni 5 kwa siku. Mia moja ni lita milioni 500. Ukigawa kwa sekunde unapata karibu mita za ujazo 6 kila sekunde. Kiasi hicho lazima kiingie Ihefu ili maji yabaki pale pale yalipo. Siyo yavuke mwamba. Yabaki tu.

Mito ikileta chini ya hapo, maji yanashuka chini ya kizingiti na mto unakatika. Sasa ng'ombe. Ng'ombe mmoja akinywa lita 40 kwa siku, hizo lita milioni 500 ni ng'ombe milioni kumi na mbili na nusu. Usangu haijawahi kuona kitu kama hicho hata kwenye ndoto ya Msukuma.

Ng'ombe wanaweza kumaliza majani, kukanyaga mazalia ya samaki, kufukuza wanyama. Hayo nakubali yote. Lakini kuunywa mto, hapana.

---

#6 Ng'ombe Mia

Milioni kumi na mbili 😂😂 Baba ningemsomea hii.

---

#7 Saro5

Naona mnakotupeleka. Sasa ng'ombe wamesafishwa, mshale unageuzwa kwa mkulima wa mpunga. Mkuu Kalulu, na wewe umekula ubwabwa wa Usangu mpaka ukasoma, leo unatuchongea?

Mbeya inalisha nchi. Ukienda sokoni unadai mchele wa Mbeya, unaunusa kabisa kwenye kiganja kuona kama wenyewe. Ule mchele unatoka kwenye maji gani?

Halafu mpunga wetu ni wa masika. Kitalu tunaotesha Novemba na Desemba, tunapandikiza Januari na Februari, tunavuna Mei mpaka Julai. Agosti na Septemba, mto unapokatika, shambani kwangu hakuna hata jani la kijani. Niambie nimeyatumia maji gani.

---

#8 Mwanabonde

Nimesomea haya mambo, naomba niingie kwa heshima.

Saro5 ana hoja nzito na ndiyo sehemu watu wengi wanapochemka. Wakati wa masika mashamba ya Usangu yanakuwa kati ya hekta 20,000 na 40,000 kutegemea mvua ya mwaka huo, na mto unajaa hata hivyo. Masika si tatizo la Ihefu. Tatizo ni miezi ya kiangazi, mito ikiwa imebaki kamba, na hiyo kamba inaishia mferejini.

Zamani banio, yaani kizuizi cha kuelekeza maji ya mto mferejini, lilikuwa miti, mawe, majani na udongo. Mto ukija juu linabomoka lenyewe, na hata likiwa zima linavuja, kwa hiyo wa chini anapata chochote. Baadaye yakaja mabanio ya zege yenye lango la chuma, na yakaitwa maendeleo ya umwagiliaji. Ni mazuri, hayabomoki. Ila yana uwezo wa kunyanyua karibu maji yote ya mto mdogo wa Septemba na kuyaingiza mferejini. Ufanisi ulioongezeka ulikuwa wa kuchukua maji. Wa kuyatumia ulibaki pale pale. Juu ya hapo kuna yale mashamba makubwa yaliyokuwa ya serikali, Mbarali ya miaka ya 70 na Kapunga iliyofuata, nayo yana mifereji ya kiwango chake.

Pili kuna mbio za bei. Mpunga wa mapema unauzwa ghali, kwa hiyo watu wanaanza kulowanisha majaruba kabla mvua haijaanza, wakati ule ule ambao Ihefu imekaukiwa kabisa na inasubiri tone. Mto unachelewa kufufuka kwa sababu hiyo.

Kuhusu umeme, naomba tuutoe kabisa kwenye huu uzi. Mtera na Kidatu (MW 80 na MW 204) zinategemea maji ya masika yanayohifadhiwa Mtera. Maji ya Septemba ya Ihefu ni matone kwa Mtera. Watafiti walioipitia hesabu hiyo miaka ya mwanzo ya 2000 walikuta maelezo ya upungufu yako zaidi kwenye jinsi bwawa lilivyoendeshwa kuliko kwa mkulima au mfugaji wa Usangu. Lakini "ng'ombe wamezima taa" ni sentensi tamu, inasambaa.

---

#9 Fundi Zege

Swali la kijinga. Kama shida ni mwamba, si wauvunje? Baruti mbili tu, maji yashuke hifadhini, kesi imekwisha.

---

#10 Mwanabonde

Siyo la kijinga, limewahi kuzungumzwa na watu wenye suti.

Ukiuvunja mwamba unatoboa beseni. Mwaka wa kwanza Ruaha itafurahi, Ihefu itamwagika yote. Mwaka wa pili huna Ihefu. Kile kinamasi kinapunguza kasi ya mafuriko, kinashika tope, kinazalisha samaki, kinatunza ule mpunga-pori ambao ni ndugu wa mpunga tunaolima. Ukikausha, matete yanaungua moto wa kwanza wa kiangazi, miti inaanza kuingia kwenye mbuga, na unabaki na nyika ya kawaida.

Kuna wanaosema kinyume, tujenge ukuta juu ya mwamba maji yakae mengi zaidi, tuyaachilie kiangazi. Lakini ukiinua maji hata nusu mita kwenye sinia unatanua eneo la kuanikwa na jua. Unahifadhi huku unapoteza. Na mbuga inayotakiwa kuzama na kukauka inabaki imezama. Zambia wanalijua hilo, kule Kafue. Bwawa la Itezhi-Tezhi lilipokamilika miaka ya 70 mwishoni, mafuriko ya zile tambarare yakabadilika majira, na wale swala wa majini wanaoitwa lechwe, ambao wanaishi kwa kufuata ukingo wa mafuriko yanapopanda na kushuka, wakapungua sana. Hifadhi ya Lochinvar, huko huko, ikavamiwa na kichaka cha mimosa chenye miba. Hifadhi ilikuwepo, mipaka ilikuwepo, askari walikuwepo. Mdundo wa maji ndio haukuwepo.

---

#11 Mtu wa Kajiado

Nawasoma kutoka Kenya. Sisi Amboseli tuna bahati ya aina yake: mvua ni kidogo, lakini maji ya Kilimanjaro yanapita chini ya ardhi na kutokea kwenye vinamasi kama Enkongo Narok na Longinye. Tembo anazama mpaka kifua akila mafunjo huku upande wa pili vumbi linapaa. Maji hayakatiki kirahisi namna hiyo.

Lakini hifadhi yenyewe ni kilomita za mraba 392 pekee. Mvua zikinyesha wanyama wanatoka, wanaenda kwenye ardhi za Wamaasai, na sasa huko kuna ua, nyanya na vitunguu. Kwenu maji yanazuiwa yasiingie hifadhini, kwetu wanyama wanazuiwa wasitoke. Nimejifunza leo.

---

#12 Dereva wa Porini

Sawa, nimeelewa hesabu ya beseni, na nakiri sikuwahi kuifikiria hivyo. Ila mipaka nayo isidharauliwe. GN 28 (Tangazo la Serikali) ile ya 2008 ilichukua vijiji na mashamba, watu wakaishi miaka kumi na tano hawajui kama wako ndani au nje, mpaka 2023 mpaka ulipochorwa upya. Muda wote huo mtu hawezi kujenga hata choo cha tofali. Nani atatunza banio kwenye ardhi ambayo kesho anaweza kuambiwa si yake?

---

#13 Kalulu

Hapo nakubaliana nawe asilimia mia.

Saro5, sijakuchongea, kaka. Nina swali kwako na naomba unijibu kwa uaminifu wa shambani, siyo wa jukwaani. Umesema Agosti shambani kwako hakuna jani la kijani. Sawa. Lango la banio lenu Agosti linakuwa wazi au limefungwa?

---

#14 Saro5

Kwanza mimi ni dada, siyo kaka.

Linakuwa wazi.

---

#15 Kalulu

Samahani dada yangu. Kwa nini?

---

#16 Saro5

Nitajibu, na wanaotaka kunicheka wacheke.

Mfereji unapita nyuma ya nyumba ya mama yangu. Banio liko juu, kilomita sita hivi. Agosti yanayofika pale ni kama robo ya yaliyoingia, mengine yameishia njiani, kwenye majaruba matupu ya watu, kwenye barabara, kwenye dimbwi la bata. Mto mzima wa kijiji unamwagwa kilomita sita ili Mama ajaze ndoo nne. Anachota kabla hakujapambazuka, maana jua likichomoza ng'ombe wa jirani wanaingia, watoto wanaoga, na kuna mtu juu huko anafua. Anayaacha kwenye ndoo mpaka tope litulie, anayamimina kwa kitambaa, anachemsha. Tuna bustani ya mchicha na nyanya, ya kumwagilia kwa kopo.

Jumuiya ya watumia maji ilishapitisha lango lifungwe kuanzia Julai mwisho. Kuna mwaka walilifunga kweli. Siku ya pili akina mama wakaenda na majembe, na mmoja wao alikuwa Mama, ana miaka sitini na tatu. Hawakulivunja lango. Walikaa juu yake mpaka mwenyekiti akaja na ufunguo.

Kwa hiyo mto wenu wa hifadhini, Dereva, na viboko wako wanaopasuka ngozi, nusu yake imelala kwenye huo mfereji. Najua. Sikujua hesabu yake mpaka leo lakini mto ninauona. Sasa niambieni, lango likifungwa, Mama anachota wapi?

---

#17 Mwanabonde

Dada, umeandika kwa mistari michache kitu ambacho wapimaji walihangaika nacho misimu kadhaa. Ni kweli kabisa: sehemu kubwa ya maji ya kiangazi yanayoingia mifereji ya Usangu hayaendi kwenye mpunga, yanafunguliwa kwa ajili ya ndoo, na mengi yanapotelea njiani. Ndoo zenyewe ni maji kidogo mno. Kijiji cha watu 3,000, kila mmoja lita 25 kwa siku, ni lita 75,000, haifiki hata lita moja kwa sekunde. Kisima kimoja kirefu na kingine cha akiba vinatosha kuliacha lango lifungwe.

Kijiji chenu hakina kisima?

---

#18 Dereva wa Porini

Yaani kiboko wa Ruaha anadai kisima cha Mbarali. Nimewaendesha wageni miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniambia hivyo, na mimi sikuwahi kuwaambia.

---

#19 Saro5

Kipo. Kilichimbwa, kikazinduliwa, utepe ukakatwa, tukaimba. Pampu ilikufa msimu wa pili. Kile kifaa cha ndani kilichokatika tuliambiwa kinaagizwa. Juu ya mfuniko sasa watu wanaanika mpunga.

---

#20 Ng'ombe Mia

Dada Saro5, ni pampu ya mkono au ya mota? Nilifanya kazi na mafundi visima baada ya kuhama Kilombero. Kama ni ya mkono, kinachokatika mara nyingi ni fimbo au kile kikombe cha mpira, na hivyo vinapatikana. Piga picha ya kichwa cha pampu upande wa mpini, tuma hapa.

---

#21 Saro5

Ya mkono. Jumamosi naenda kwa Mama, nitapiga.

---

#22 Mdau Kimya

Nimesogeza kiti mbele. Jumamosi narudi.